Je, Wajua? Mwanasesere alipambwa hapa nchini kabla ya Barbie

Ukishika barabara kuu kutoka Buigiri, wilayani Chamwino, kuelekea mashariki, utapita Morogoro hadi kwa Wakwere na Wazaramo. Huko mwali akiwa ndani alipewa mwana hiti: kisanamu cha mti kisicho na mikono wala miguu, ila kichwani kina mtindo wa nywele uliochongwa kwa ustadi. Mwali alikiosha, akakipaka mafuta, akakivisha shanga, akakilea kama mwanawe. Mwanasesere Barbie alizaliwa Marekani mwaka 1959 tu!

Barbie naye hupambwa upya: wapo watu wazima wanaomnunua ili wamgeuze wapendavyo. Ana urefu wa sentimita 29 hivi, basi kipande cha kitenge kilichobaki kwa fundi cherehani wa Buigiri chamtosha gauni. Chagua maua madogo. Ua kubwa litammeza. Nywele zake zisuke, uzichovye kwenye maji ya moto, kama msusi afanyavyo kwa rasta. Zikipoa hushika mtindo. Hata uso hufutwa kwa dawa ya kutoa rangi ya kucha na kuchorwa upya. Lakini angalia: dawa yenye asetoni huharibu plastiki ngumu.