Mahekalu ya Takeo: Safari za Siku Moja Kutoka Phnom Penh

Umaarufu wa Angkor, mji mkongwe wa mawe ulioko kaskazini-magharibi mwa Kamboja, zaidi ya kilomita 300 kutoka mji mkuu wa Phnom Penh, umeyafunika mahekalu mengine mengi ya nchi hiyo, na waliopata hasara kubwa zaidi ni wageni wanaokaa mji mkuu bila kufika mkoa wa Takeo, upande wa kusini. Huko mahekalu yamekaa kwa mfuatano wa ajabu, kwani kadiri msafiri anavyozidi kwenda kusini ndivyo historia ya Wakhmer, ambao ndio wengi wa wakazi wa nchi, inavyozidi kurudi nyuma.

Barabara Kuu Namba 2 hupita katikati ya mashamba ya mpunga yenye mivumo, ndugu wa mivumo ya Afrika Mashariki, ambayo utomvu wake hugemwa na kupikwa sukari. Baada ya kilomita 30 na kitu hivi kutoka Phnom Penh huja Tonle Bati, penye ziwa na hekalu la Ta Prohm, lililojengwa na mfalme Jayavarman wa Saba aliyetawazwa mwaka 1181. Jirani yake kuna hekalu dogo la Yeay Peau, yaani Bibi Peau, ambaye husimuliwa kuwa alizaa na mfalme mmoja mtoto aitwaye Prohm. Mtoto alilelewa na baba yake, na aliporudi akiwa kijana hakumtambua mama yake, akataka kumwoa. Ili kuamua jambo hilo wakakubaliana kwamba wanaume wajenge hekalu na wanawake wajenge la kwao, na watakaomaliza kabla ya nyota ya alfajiri ndio washindi. Usiku Peau akatundika taa juu, wanaume wakadhani kumekucha wakalala, na wanawake wakamaliza kwanza.

Mbele zaidi ni Phnom Chisor, phnom maana yake kilima, ambako hupandwa ngazi zinazokaribia 400. Hekalu la kileleni ni la karne ya 11, zama za mfalme Suryavarman wa Kwanza, na limejengwa kwa matofali na lateriti, jiwe jekundu lenye chuma ambalo hukatwa likiwa laini na kuwa gumu likipigwa na hewa. Uzuri wa mahali hapa huonekana upande wa mashariki, ulikoelekea mlango wa hekalu: chini ya kilima mahekalu mawili madogo, Sen Thmol na Sen Ravang, na bwawa la Tonle Om yamepangwa katika mstari mmoja ulionyooka, na mtu aliyesimama mlangoni huiona njia yote ya waumini wa kale ikikata mashamba.

Mwisho wa mfuatano huu ni Angkor Borei na kilima cha Phnom Da, ambako kutoka mji wa Takeo huendewa kwa mashua kupitia mfereji, na wakati wa mafuriko uwanda wote hugeuka ziwa. Hapa palikuwa kitovu cha Funan, jina ambalo Wachina waliupa ufalme uliostawi katika bonde la chini la Mekong karne nyingi kabla ya Angkor. Mfereji wa kale uliuunganisha mji huu na Oc Eo, ambayo leo iko Vietnam, bandari iliyoishi kwa pepo za msimu kama zilivyoishi bandari za Waswahili kwa kaskazi na kusi. Uchimbaji wa mwaka 1944 uliibua huko hata medali za Kirumi. Maandishi ya Kikhmer ya kale kuliko yote yanayojulikana tarehe yake, ya mwaka 611, yalipatikana Angkor Borei.

Mapango ya Phnom Da yenyewe sasa ni matupu, kwa kuwa sanamu zake za miungu ya Kihindu zilihamishwa, na moja ya Krishna akiinua mlima iko Cleveland, Marekani. Kwa hiyo safari hii haikamiliki bila kupita katika Makumbusho ya Taifa ya Phnom Penh, yaliyofunguliwa mwaka 1920, ambako Vishnu wa Phnom Da, mwenye mikono minane na kimo kinachompita mtu yeyote, bado amesimama ndani ya upinde wa jiwe ambao wachongaji waliuacha kusudi ili mikono hiyo isivunjike.