Maktaba ya mjini ni ya nani? Ilikotoka, na unachoweza kupata leo

Mitihani ya taifa inapokaribia, ujumbe mfupi unaoingia hapa studio hubadilika. Wanaouliza bei ya mahindi hupungua, wanaongezeka wazazi wanaouliza kitabu cha Fizikia au cha Biolojia kinapatikana wapi na kinauzwa shilingi ngapi. Nasi huwauliza: umeshapita maktaba ya mkoa au ya wilaya yako? Majibu hufanana. Wapo wasiojua kama ipo. Wapo wanaolijua jengo lenyewe, lakini walidhani ni la wanafunzi wa chuo na watumishi wa serikali.

Maktaba ya umma ni ya mkulima kama ilivyo ya mwalimu. Katika makala hii tunaeleza zilianzaje, nani anaziendesha, na ukifika pale mlangoni ufanye nini.

Vitabu vilivyosafiri kwa sanduku

Wakati wa ukoloni, maktaba nyingi za mijini Afrika Mashariki zilikuwa za Wazungu. Maktaba ya McMillan jijini Nairobi ilifunguliwa mwaka 1931, na kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma.

Mwaka 1948 ilianzishwa East African Literature Bureau, ofisi iliyohudumia Kenya, Uganda na Tanganyika. Ilichapisha vitabu kwa Kiswahili na lugha nyingine za hapa kwetu. Pia ilipeleka masanduku ya vitabu kwenye vilabu na shule, yakakaa hapo kwa muda, kisha yakabadilishwa. Msomaji aliyekaa mbali aliweza kuazima kitabu kwa njia ya posta.

Mwaka 1960 mkutubi Sidney Hockey alitoa ripoti iliyozishauri serikali za Afrika Mashariki ziwe na huduma ya maktaba ya taifa katika kila nchi. Tanganyika ilitunga sheria yake mwaka 1963, kazi ikaanza mwaka uliofuata. Kenya ilitunga yake mwaka 1965. Desemba 1967, Mwalimu Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam. Sheria ya mwaka 1975 ndiyo iliyoleta Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania tunayoijua leo. Zanzibar ina shirika lake la maktaba.

Redio ilipofanya kazi na kitabu

Wakati wa uhuru, watu wazima wengi hawakujua kusoma wala kuandika. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na madarasa ya kisomo yakaenea vijijini.

Lakini mtu aliyejifunza kusoma akikosa cha kusoma, husahau. Ndiyo maana zikaanzishwa maktaba za vijijini, nyingine zikiwa ni kabati moja tu ndani ya ofisi au darasa. Mwaka 1973 ikafuata kampeni ya Mtu ni Afya. Watu walikusanyika kwa vikundi, wakasikiliza kipindi redioni, wakasoma kijitabu, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufukia madimbwi. Walioshiriki walikadiriwa kufika milioni mbili. Sisi wa redio tunaikumbuka kampeni hiyo kwa sababu inaonyesha kwamba kinachosikika kikisomwa tena hukaa kichwani.

Miaka ya 1980 uchumi uliyumba. Karatasi ikawa adimu, fedha za kigeni za kununulia vitabu zikakosekana. Maktaba nyingi za vijijini zilikufa polepole: kitabu kikichakaa hakikuletwa kingine. Zilizosalia kwa sehemu kubwa ni zile za mijini, na ndizo tunazokutuma uende.

Nani anaziendesha leo

Maktaba za mikoa ziko chini ya Bodi. Zile za wilaya huanzishwa kwa ushirikiano na halmashauri: halmashauri hutoa jengo, Bodi husaidia vitabu na utaalamu. Maana yake ni kwamba uhai wa maktaba ya wilaya unategemea pia madiwani wako wanapanga nini kwenye bajeti.

Unapata nini ndani

Utakuta vitabu vya shule, hadithi, magazeti, vitabu vya kilimo, afya, sheria na dini. Maktaba nyingi zina sehemu ya watoto. Baadhi zina kompyuta zenye intaneti. Wakutubi pia hushauri shule zinazotaka kuanzisha maktaba zao, kwa hiyo mwalimu mkuu asione haya kuuliza.

Kuna jambo moja linalowatisha wageni: zile namba kwenye migongo ya vitabu. Ni rahisi kuliko zinavyoonekana. Vitabu hupangwa kwa somo, na kila somo lina namba yake. Sheria ni 340. Afya na tiba ni 610. Kilimo ni 630, na ndani yake mazao ya shambani ni 633, mboga na bustani 635, mifugo 636, nyuki 638. Ukienda kwenye rafu ya 636 kutafuta habari za kuku, vitabu vya ng'ombe na mbuzi viko jirani. Ukikwama, muulize mkutubi. Hiyo ndiyo kazi yake.

Kusoma humo ndani na kuazima ni mambo mawili tofauti. Kuazima kunahitaji uanachama: unajaza fomu, unatoa picha na ada, na mara nyingi unatakiwa kuwa na mdhamini anayefahamika, kama mwalimu au kiongozi wa mtaa. Kwa kuwa ada na taratibu hubadilika, uliza kaunta kabla hujalipa chochote, na dai risiti.

Je, simu haitoshi?

Simu inasaidia, hatubishi. Taasisi ya Elimu Tanzania ina Maktaba Mtandao, ambako vitabu vya kiada vinasomwa bure. Lakini kifurushi hakitolewi bure, mtandao hupotea, na simu moja ya nyumbani haigawanyiki kwa watoto watatu wenye mtihani wiki moja. Zaidi ya hapo, ujumbe wa dawa za mifugo unaosambazwa kwenye kundi la WhatsApp mara nyingi hauna jina la aliyeuandika. Kitabu kina mwandishi, mchapishaji na mwaka, na unaweza kumwonyesha bwana mifugo ukurasa wenyewe.

Kama hakuna maktaba karibu

Wenzetu wa Garissa, kaskazini mashariki mwa Kenya, walipewa huduma ya maktaba ya ngamia mwaka 1996. Ngamia hubeba masanduku ya vitabu na hema, wasomaji wakakaa kwenye mikeka chini ya mti. Ni lile wazo la zamani la sanduku, safari hii likiwa mgongoni mwa mnyama anayevumilia jua.

Kwetu, njia ya kawaida ni mkutano mkuu wa kijiji, ambao kisheria hufanyika angalau kila baada ya miezi mitatu. Ombi la chumba, rafu na vitabu likiingia kwenye muhtasari wa kijiji, linaweza kupelekwa kata, kisha diwani akalisemea halmashauri kabla bajeti ya Julai haijafungwa. Lisipoandikwa, hana cha kusimamia.

Kwa walio na maktaba wilayani kwao, tunaomba jambo dogo. Siku ya soko ukienda mjini, ingia dakika kumi. Kama kuna daftari la wageni, andika jina lako. Halmashauri ikiuliza nani anaitumia maktaba ile, daftari hilo ndilo litakalojibu, na likiwa tupu, chumba hicho hakitakosa mtu wa kukitaka kiwe ghala.