Utangulizi: Plastiki za Nje za Gari la Porini

Gari la porini huzeeka kwanza kwenye plastiki zake. Injini bado inavuta na bodi bado inang'aa, lakini bampa, plastiki za juu ya matairi na vifuniko vya vioo vya pembeni vimeshapauka. Ukipitisha kidole, kinabaki na unga. Wenye magari wa Mbeya na Iringa wanaijua hali hii vizuri. Miji yote miwili iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kila unapopanda mita 1,000 mionzi ya urujuanimno huongezeka kwa asilimia 10 hivi. Baridi ya Julai humdanganya mtu: ngozi haihisi joto, lakini plastiki inaliwa vilevile.

Karibu, basi, kwenye taaluma ya kuzifungua plastiki hizo na kuzipaka rangi ikakaa. Namkaribisha mwanafunzi wa VETA, fundi rangi aliyejifunzia gereji, na mwenye gari anayetaka kujua analipia nini. Ninaloshikilia ni hili: rangi yenyewe ni sehemu ndogo ya kazi. Kazi kubwa ni kuujua uso unaopakwa.

Anza nyuma ya kipande. Kigeuze, futa tope, utaona herufi zilizochongwa na kiwanda kutaja aina ya plastiki. ABS hutumika sana kwenye shoo ya mbele na vifuniko vya vioo. Hiyo hupokea rangi bila shida kubwa. PP, mara nyingi ikiandikwa pamoja na EPDM, ni polipropilini iliyochanganywa na mpira, na ndiyo inayotengeneza bampa nyingi. Polipropilini ngumu tunayoitumia leo ilipatikana mwaka 1954 katika maabara ya Giulio Natta huko Milano, na mwaka 1963 yeye na Karl Ziegler walipewa Tuzo ya Nobeli ya Kemia. Ni nyepesi, ni rahisi, haiogopi tindikali ya betri. Sifa hiyohiyo ya kukataa vitu ndiyo inayokataa rangi.

Kufungua kunadai subira kuliko nguvu. Skrubu nyingi zimejificha ndani ya nafasi ya tairi au chini ya bampa, na anayevuta kabla ya kuzitafuta huvunja masikio ya kipande. Klipu ivutwe karibu na ilipo, kwa kabari ya plastiki au ya mti. Bisibisi hukwaruza bodi. Asubuhi ya baridi plastiki huwa ngumu na hukatika upesi, kwa hiyo subiri jua lipande. Nyuma ya kipande kwenye gari linalokwenda Ruaha au Chunya utakuta udongo mwekundu ulioshindiliwa, nao hutunza maji. Hapo ndipo kutu inapoanzia, na pengine hiyo peke yake ni sababu tosha ya kufungua.

Tazama Land Rover. Tangu modeli ya One Ten ya mwaka 1983, juu ya matairi yake pana nyusi za plastiki zilizoshikwa kwa ripiti za plastiki. Ripiti ikipotea, wengi huweka skrubu ya chuma. Lakini bodi hiyo kwa sehemu kubwa ni aluminiamu, na chuma kikigusana na aluminiamu penye tope bichi, aluminiamu ndiyo inayoliwa. Baada ya misimu michache ya mvua unakuta unga mweupe kuzunguka tundu. Ripiti ya senti chache ingeliokoa.

Sasa uso wenyewe. Jua hukata minyororo ya molekuli za juu kabisa, na safu iliyokufa hugeuka unga. Ukipaka rangi juu yake, rangi itashika unga, na unga haushiki chochote. Ndiyo maana rangi hubanduka kama ganda baada ya miezi michache, nasi tukamlaumu muuza rangi. Osha kwa sabuni, kisha piga msasa wa maji hadi upate plastiki hai. Usifute kwa petroli: huvimbisha ule mpira uliochanganywa ndani na huweza kuipasua ABS. Adui mwingine ni vile vilainisho vya kung'arisha vyenye silikoni. Mabaki yake hufanya rangi ijikunje na kuacha vishimo vya duara. Kwa PP, baada ya hapo huja praima maalumu ya plastiki, mkono mwembamba tu, na rangi ifuate ndani ya muda ulioandikwa kwenye kopo.

Msimu nao una neno. Kuanzia Novemba hadi Aprili mvua na unyevu huiachia rangi ukungu mweupe. Kiangazi ni kizuri, ila usiku wake ni wa baridi kali na alasiri zake za Septemba zina upepo wa vumbi. Mimi ningechagua saa nne asubuhi hadi saa saba, umande ukishakauka.

Rangi ikishakomaa, usikimbilie kurudisha kipande. Upande usioonekana chora mistari michache inayokatana kwa wembe, bandika utepe wa gundi, uvute kwa ghafla. Utepe ukitoka na vipande vya rangi, rudi kwenye msasa. Ukitoka mtupu, tafuta klipu zako na ufunge.