Wakili Aliyekula Amana

Mpira wa magongo wa barafuni sijaucheza, wala barafu yenyewe naijua ya sharubati tu. Lakini kisa cha wachezaji wake kimenikaa moyoni.

Mwaka 1957 Ted Lindsay wa Detroit alijaribu kuunda chama, wenye timu wasiwapunje. Akahamishiwa Chicago, na chama kikafa. Mwaka 1967 kikazaliwa kingine, kiongozi wake wakili Alan Eagleson wa Kanada.

Kumbe! Mwaka 1998 bwana huyo alikiri mahakamani makosa ya ulaghai, akafungwa. Tajiri akikupunja, nia yake waijua tangu mwanzo. Huyu walimweka wenyewe awalinde. Bobby Orr, nyota wa Boston, alimwamini kama ndugu. Alipostaafu alikuta madeni yamezidi mali yake.