Majestic: Sinema ya bibi na babu inayosubiri paa

ZANZIBAR. Mwulize bibi aliyekulia Mji Mkongwe kuhusu sinema, utamwona anatabasamu kabla hajajibu. Jumapili jioni ilikuwa siku ya picha la Kihindi. Familia zilivaa nguo zao nzuri, watoto wakashikwa mikono, na safari ikaanza.

Kulikuwa pia na maonesho ya wanawake peke yao. Mama ambaye asingeonekana kirahisi barabarani alikaa ukumbini na mashoga zake, akacheka na kulia kwa uhuru. Picha ya Awaara ya mwaka 1951, iliyochezwa na Raj Kapoor, ilipendwa mno.

Moja ya kumbi hizo ni Majestic, eneo la Vuga. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 hapo palijengwa Royal, kwa ramani ya Mwingereza J. H. Sinclair. Miaka ya 1950 moto ukaiteketeza. Wenyewe hawakukata tamaa. Mwaka 1955 likasimama jengo jipya la mtindo wa kisasa wa wakati ule, likaitwa Majestic.

Kilichoiangusha si moto tena. Baada ya Mapinduzi ya 1964 biashara ya sinema ilibadilika. Miaka ya 1970 Zanzibar ikapata televisheni ya rangi, mapema kuliko nchi nyingi za Afrika. Kisha zikaja deki za video. Watu wakabaki sebuleni, na kumbi zikafungwa moja baada ya nyingine.

Jengo lisilo na watu huzeeka haraka. Paa likitoboka, mvua huingia, mbao huoza, chuma hushika kutu na plasta hubanduka. Ndivyo ilivyoikuta Majestic: ukumbi ukabaki wazi kwa mvua na jua.

Sasa zipo juhudi za kuifufua, iwe tena nyumba ya sinema na utamaduni. Mji unaoandaa tamasha kubwa la filamu, ZIFF, tangu miaka ya 1990 unastahili ukumbi wake. Tena tumekwisha kuonywa: Desemba 25, 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka. Jengo la kale halimsubiri anayesema kesho.

Lakini saruji na mbao peke yake hazirudishi sinema. Viti vilipangwaje? Nani alikaa juu, nani chini? Tiketi zilipoisha, walanguzi walisimama wapi? Majibu ya maswali hayo wanayo wazee wetu, nao wanaondoka mmoja mmoja.

Mzazi, Jumapili hii zima televisheni kwa saa moja. Wakalishe watoto karibu na bibi au babu, mwulizeni picha ya kwanza aliyoiona na nani alimpeleka. Mrekodini kwa simu. Picha za zamani zilizo kabatini zitoeni, andikeni majina nyuma.

Paa la Majestic litajengwa na mafundi. Kumbukumbu zake tunazo sisi majumbani.