Begi la siku mbili na ndoo ya magurudumu

Chini ya meza ya fundi mmoja wa mabegi Kariakoo kuna ndoo ya rangi ya lita 20. Haina rangi. Imejaa magurudumu ya mabegi: meusi, ya kijivu, mapana, membamba, na mengine yaliyobaki kiini kitupu cha plastiki baada ya mpira wake kupukutika wote. Nilikuwa napita uchochoro ule kutafuta kitambaa cha mapazia. Nilisimama kwa ajili ya ndoo ile, na habari ya mapazia ikaishia hapo.

Yaliyonivuta ni yale yaliyopukutika. Fundi aliokota moja, akalibana kwa vidole viwili, mpira ukamong'onyoka kama keki iliyolala siku tatu. "Dada, hili halijatembea," aliniambia. "Angalia, halina hata mkwaruzo." Mwenye begi hilo, alisema, alilinunua kwa ajili ya harusi moja tu huko Arusha, kisha akaliweka juu ya kabati. Miaka ikapita. Siku alipolishusha ili aende Dodoma, hakufika mbali na geti lake: magurudumu yote manne yalibaki njiani vipande vipande.

Nilidhani ni begi bovu tu. Fundi akaniinamishia ndoo. Karibu nusu ya magurudumu yaliyomo yalikufa kifo hicho hicho, na mengi yalitoka kwenye mabegi ambayo nje bado yanang'aa. Yeye huuita ugonjwa wa pwani. Jina linafaa kuliko anavyojua. Magurudumu mengi ya mabegi huvikwa plastiki laini iitwayo poliurethani, inayoteleza bila kelele. Baadhi ya aina zake huliwa na unyevu wa hewa: maji huingia polepole, hukata minyororo ya molekuli, na joto huharakisha kazi hiyo. Ndiyo sababu soli za viatu vya michezo vilivyotunzwa ndani ya boksi huachia ghafla siku vikivaliwa. Ndiyo sababu pia begi la kitambaa lililopakwa kemikali hiyo kwa ndani huanza kunata, kisha hutoa magamba meupe yanayoganda kwenye nguo. Dar es Salaam, Tanga, Unguja na Mombasa, joto na unyevu havitupungukii. Begi linaweza kuzeeka likiwa limekaa, na hata kabla ya kununuliwa, ndani ya ghala. Mabegi tuliyoyapekua pale mezani hayakuwa na tarehe ya kutengenezwa. Mnunuzi atajuaje kwamba begi analoliita jipya limeshamaliza miaka mitano gizani?

Fundi aliomba jina lake lisiandikwe. Wateja humwita Fundi, vijana humwamkia Mzee. Alianza kwa kushona mabegi ya shule na yale ya shangazi kaja yaliyochanika kwenye mabasi ya mikoani. Sasa kazi kubwa inayomfikia ni begi dogo la kuburuta, lile la safari ya siku mbili tatu, ambalo mwenyewe anataka kuingia nalo ndani ya ndege asisubiri mizigo.

Ukimwuliza begi gani ni zuri, hajibu. Anakuuliza yeye. Unashukia wapi? Kutoka hapo unapanda bajaji au bodaboda? Unapofikia ni chini au ghorofani, na lifti ipo? Njia ya mwisho kabla ya mlango ni lami, mchanga au kokoto? "Watu wananunua begi la uwanja wa ndege," alisema. "Uwanja wa ndege unakaa saa moja. Safari yenyewe iko nje."

Historia inamuunga mkono. Mmarekani Bernard Sadow alipata hataza ya sanduku la magurudumu mwaka 1972, sanduku lililolazwa na kuvutwa kwa ukanda. Mwaka 1987 rubani wa shirika la Northwest, Robert Plath, alilisimamisha wima juu ya magurudumu mawili na kulipa mkono mrefu wa kuvutia. Waliomwomba begi hilo kwanza ni marubani na wahudumu wenzake, watu ambao kazi yao ilikuwa kupita kwenye sakafu laini, kutoka ndegeni hadi hotelini. Gurudumu lile dogo lilikua katika sakafu hizo. Kokoto za Goba na mchanga wa Nungwi ni ardhi nyingine kabisa.

Nikiwa pale alifika kijana na begi gumu la rangi ya samawati. Alikuwa amelibeba begani. Gurudumu moja lilikuwa limeng'oka, jingine limelala upande.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umelipitisha wapi?"

"Unguja, Mzee. Nimeshuka na boti asubuhi. Nililivuta Mji Mkongwe tu, kutoka bandarini mpaka gesti."

Fundi alifungua zipu ya bitana ndani ya begi, akaingiza mkono hadi kwenye kona. Mimi nilifikiri anatafuta ufa. Alikuwa anatafuta skrubu. Hazikuwepo, kona zote zilifungwa kwa ribiti, na mojawapo ilikuwa imetoka na kipande cha gamba. Gamba la plastiki ya ABS, ambayo ndiyo ya mabegi mengi ya bei nafuu, ni gumu lakini halipindi sana. Likibanwa kwenye kona hupasuka. Polikaboneti hunepa na kurudi, ila bei yake hupanda. Fundi alimwambia kijana kwamba anaweza kutoboa upya, akaweka bati kwa ndani na kufunga kwa bolti na nati. "Lakini nitakuwa nimekula hela yako," alimalizia. "Kona ya jirani nayo imeshaanza." Kijana alisimama kidogo, akaomba kulifikiria, akaondoka nalo begani vilevile. Niliumia kuona hivyo. Begi lilikuwa bado lina karatasi ya duka kwenye mfuko wa ndani.

Baada ya hapo Fundi alinionyesha namna ya kukagua, na hapa ndipo nilipoona utaalamu ambao wauzaji wengi hawauelezi. Kwanza begi hupinduliwa, magurudumu juu. Lile la magurudumu manne yanayozunguka pande zote linapendeza dukani kwa sababu linasukumwa kwa kidole, lakini kila gurudumu limechomoza nje kwa mguu wake, na mguu huo ndio unaopigwa begi likirushwa. Lile la magurudumu mawili huwa limeyaficha nusu ndani ya mwili, na gurudumu lenyewe mara nyingi ni kubwa zaidi. Kisha Fundi hulishika gurudumu na kulitikisa. Likicheza kushoto na kulia, ekseli ni nyembamba au beringi hakuna. Hukwaruza mpira wake kwa ukucha. Ukiacha unga, anarudisha begi kwa mwenyewe.

Mkono wa kuvutia huutoa wote, akautingisha mbele na nyuma. Kisha zipu. Zipu ina namba, nayo hulingana kwa makadirio na upana wa meno yakiwa yamefungwa, kwa milimita. Namba 5 ni ya mfuko wa pembeni. Begi lenyewe, Fundi anataka namba 8 au 10. Husokota magazeti, akalijaza begi hadi lifure, ndipo avute zipu kuzunguka kona, kwa kuwa zipu hufa kwenye kona. Meno ya nailoni yanayojikunja anayapenda, kwani yakiachia, mara nyingi aliyechoka ni kichwa cha zipu tu, na kichwa hubadilishwa kwa dakika chache na kwa bei ndogo. Jino la plastiki ngumu likivunjika, zipu yote hutolewa.

Mwisho huliinua begi likiwa tupu. Hapo ndipo aliponigusa zaidi, kwa sababu hesabu yake ni nyepesi na hatuipigi. Emirates na Qatar Airways, ambazo zote hutua Dar es Salaam, humruhusu abiria wa daraja la kawaida kilo 7 za begi la mkononi. Begi gumu la kuburuta hufika kilo 3 bila shida. Abiria huyo amebakiwa na kilo 4 za nguo, viatu, chaja na zawadi. Begi la kitambaa lisilo na magurudumu huwa na kilo moja hivi. Tofauti hiyo ya kilo 2 ni jozi ya viatu na nguo za siku nzima.

Vipimo navyo vina mtego. Emirates inataka sentimita 55 kwa 38 kwa 22. Qatar inataka 50 kwa 37 kwa 25. Begi moja linaweza kupita huku likazuiwa kule. Mwaka 2015 umoja wa mashirika ya ndege duniani, IATA, ulipendekeza kipimo kimoja cha 55 kwa 35 kwa 20, ukasitisha mpango huo ndani ya wiki chache baada ya malalamiko, hasa kutoka Amerika Kaskazini. Dukani, begi huuzwa kwa inchi. Inchi 20 ni kama sentimita 51, lakini mara nyingi huo ni mwili wake tu. Kwenye mlango wa ndege magurudumu na mshikio hupimwa pamoja. Kwa nini muuzaji asipime begi lote, kama atakavyolipima mtu wa uwanja wa ndege?

Kuna wateja wa Fundi ambao wameacha magurudumu kabisa. Waongoza watalii humletea turubai awashonee mabegi laini, kwa sababu ndege ndogo zinazokwenda Serengeti, Ruaha au Mafia, nyingi zikiwa aina ya Cessna Caravan, kwa kawaida huruhusu kilo 15 kwa mtu na hutaka begi linalokunjika. Mizigo huingizwa kwenye kisanduku kilicho chini ya tumbo la ndege kupitia vilango vidogo. Begi laini hubonyezwa likaingia. Gumu lina umbo lake na haliliachi.

Hata kwenye ndege za kati, ATR za Precision Air na Q400 za Air Tanzania, makabati ya juu ni madogo, na begi la kuburuta aghalabu huchukuliwa pale ngazini likawekwa kwenye mizigo. Fundi analijua hilo kwa njia ya kushona: wateja humwomba aongeze mfuko mmoja mwembamba nje, juu kabisa, unaofunguka kwa mkono mmoja. Humo hukaa dawa, vitambulisho, na zaidi ya vyote pawabanki. Kanuni za usafiri wa anga zinakataza pawabanki kwenda kwenye sehemu ya mizigo, kwa kuwa betri ya lithiamu ikishika moto kule chini hakuna wa kuifikia. Ndani ya ndege inaruhusiwa hadi watisaa 100 bila kuomba kibali. Ya mAh 20,000 ina kama 74, ya 10,000 ina kama 37. Begi linapochukuliwa ngazini, pawabanki inapaswa kubaki na wewe. Kama iko chini ya nguo, utafungua begi zima mbele ya foleni.

Nilimwomba anionyeshe begi lake mwenyewe. Ni la turubai la kijani, mabaki ya kifuniko cha lori, na nyuzi zake ni nene kama za wavu wa samaki. Halina gurudumu. Ukanda wake ni mpana kama kiganja, umeshonwa kupita chini ya begi na kurudi upande wa pili, ili uzito ubebwe na ukanda wenyewe wala si na mshono. Anasafiri nalo Tanga kwenye misiba na ndoa: kanzu, kikoi, mashati mawili, ndara, mswaki. Mkewe naye huweka doti moja ya khanga, ambayo ugenini ni taulo, shuka na mtandio. Chini, ndani, ameacha bitana wazi kwa zipu fupi ili siku likichanika afike kwenye mshono bila kulibomoa.

"Begi ambalo huwezi kulifungua ndani," alisema, "huwezi kulitibu."

Nilimwuliza magurudumu mazima hununua wapi. Hanunui. Huyachomoa kwenye mabegi ya mtumba yaliyochanika mwili, na ndiyo maana ndoo ipo. Mteja akija, hupekua akitafuta yenye kipenyo na tundu la kufanana, na mara nyingine humrudisha mtu kwa kukosa gurudumu moja tu. Kwa anavyojua, mji unaoagiza mabegi kwa makontena hauna mahali pa wazi pa kununua gurudumu la begi. Na mabegi ya ABS yaliyopasuka yanaishia wapi? Fundi alionyesha kwa kidevu upande wa jalala.

Kwa safari ya siku mbili, mimi nimekubaliana naye: kitambaa kizito, zipu nene, magurudumu mawili makubwa ya kufungwa kwa skrubu, au yasiwepo. Kwa waagizaji na wenye maduka ya Kariakoo nina ombi: katika kila kontena la mabegi leteni na katoni za magurudumu na vichwa vya zipu, na kwenye lebo andikeni uzito wa begi tupu na urefu wake pamoja na magurudumu. Mafundi wa kuyafunga wapo.