Istilahi na Alama za Vijenzi vya Mchapuko: Neno Moja kwa Dhana Mbili

Neno mchapuko linatokana na kitenzi chapuka, ambacho katika matumizi ya kawaida humaanisha kuongeza haraka. Katika fizikia, mchapuko ni badiliko la velositi kwa kila kizio cha wakati. Na velositi, kwa kuwa ni vekta, hubadilika hata pale ambapo ni mwelekeo tu uliobadilika. Hapo ndipo lugha ya mazoea na istilahi zinapoachana.

Ichukuliwe kwamba basi litokalo Dar es Salaam kwenda Morogoro linakata kona katika eneo la Ubena kwa kasi ya kilomita 72 kwa saa, yaani mita 20 kwa sekunde, na nusukipenyo cha kona ni mita 200. Mshale wa spidomita hautikisiki. Abiria akiulizwa atasema basi halijachapuka, na kwa Kiswahili chake yu sahihi. Kifizikia, basi lina mchapuko wa v²/r, yaani 2 m/s², kuelekea kitovu cha kona. (Kwamba abiria huyo anahisi kusukumwa upande wa nje humzidishia utata.) Dereva akikanyaga breki ndani ya kona, kasi ikaanza kupungua kwa 1.5 m/s², hujitokeza kijenzi cha pili, kinachofuata tangenti ya njia kinyume cha mwendo. Mwanzoni mwa breki, ukubwa wa mchapuko wote ni √(2² + 1.5²) = 2.5 m/s². Badiliko la kasi ni −1.5, ukubwa wa badiliko la velositi ni 2.5. Mwandishi anayeacha mshale wa vekta juu ya v hufuta tofauti hiyo yote.

Kwa hiyo “mchapuko tangenti” (aₜ) na “mchapuko kitovu” (aₙ) ni majina yanayofaa, mradi kitovu kieleweke kuwa ni cha mpindo wa njia mahali hapo. Alama aᵣ ni jambo jingine: hupimwa kutoka kwenye asili ya majira iliyochaguliwa, chanya ikielekea nje. Katika duara ambalo asili yake ni kitovu, aᵣ = −aₙ; katika njia nyingine usawa huo hauna dhamana.

Pendekezo la kuandika m badala ya a, kwa kuwa ndiyo herufi ya kwanza ya mchapuko, halifai: m tayari ni masi, na F = mm haisomeki.